Kutumia mashine za rimoti kutegua mabomu ya ardhini: mwongozo kamili kwa wasimamizi na maopereta

Ardhi iliyopitiwa na mashine ya kutegua mabomu hufanana na shamba lililolimwa likasubiri mvua. Vichaka vimesagika, udongo umepinduka, macho yanaona hadi upande wa pili. Mkulima aliyekaa kambini miaka mingi akilifikiria shamba lake, akiiona ardhi hiyo, anataka kushika jembe siku hiyo hiyo. Ilhali ndani ya udongo ule kinaweza kuwamo kiwashio (kile kifaa kinacholipua bomu) kilichovunjika nusu, bomu lililorushwa pembeni bila kupasuka, au jingine lililodidimizwa chini kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja, na kila hatua inauzunguka: mashine inalifungua eneo la mabomu, kazi ya kulimaliza ni ya watu. Anayesema ardhi hii ni salama ni binadamu mwenye ushahidi mkononi.

Nimewaandikia wasimamizi wa vikosi, maopereta na maofisa mipango wanaozungumza Kiswahili, ambao wengine wamepitia mafunzo Embakasi, Nairobi, na kufanya kazi Sudan Kusini, Somalia au mashariki mwa Congo. Mifano mingi nimeitoa Sudan Kusini, kwa sababu nchi hiyo ina mabomu ya barabarani na ya mashambani, ina ardhi ya mawe na ya tope zito, na ina msimu wa mvua usiosikiliza ratiba ya mtu. Asiye na mafunzo asiutumie mwongozo huu kuingia eneo la hatari. Ukikuta kitu kinachofanana na bomu usikiguse wala kukirushia jiwe. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, kisha toa taarifa.

Zijue mashine zenyewe

Zilizozoeleka ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya minyororo: mhimili unazunguka mbele ya mashine, umefungwa minyororo yenye nyundo za chuma mwishoni, na nyundo hizo zinaipiga ardhi kwa mfululizo. Wazo hili lilianza vitani. Mhandisi wa Afrika Kusini, Abraham du Toit, alilibuni, na vifaru vyenye minyororo vikatumika El Alamein, Misri, mwaka 1942. Jeshi lilitaka njia ya kupita haraka hata kama bomu moja moja lingebaki. Sisi hatuna ruhusa hiyo: Viwango vya Kimataifa vya Shughuli za Mabomu, IMAS, vinataka kila bomu liondolewe au liharibiwe katika eneo lililotajwa, hadi kina kilichotajwa.

Aina ya pili ni ya ngoma yenye meno magumu. Hii inasaga udongo kama trekta la kulimia na hushika kina kwa usawa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba bomu la kulipua magari linaweza kuiharibu vibaya ngoma, wakati minyororo, kwa kuwa inalegea, huupokea mlipuko na mara nyingi unabadilisha vipande vichache tu unaendelea. Mashine nyingi za leo hubadilishwa kifaa cha mbele: asubuhi minyororo, wiki ijayo ngoma, mwezi ujao kifyekeo cha majani.

Kwa uzito, wataalamu hugawa makundi matatu: nyepesi chini ya tani 5, za kati tani 5 hadi 20, na nzito zaidi ya 20. MV-4 ya kampuni ya DOK-ING kutoka Zagreb, Croatia, ina tani kama 5 na nusu, na ilijengwa hasa kwa mabomu ya kuua watu. Bozena ya Slovakia, Digger ya Uswisi na MineWolf yenye asili ya Ujerumani zina matoleo ya uzito mbalimbali. Usichague kwa jina. Chagua kwa bomu unalotarajia, udongo uliopo, na daraja litakalobeba mashine pamoja na trela lake hadi kazini. Daraja ndilo linalosahaulika kuliko vyote.

Hatua ya 1: Uliza na utazame kabla ya kuagiza mashine

Uchunguzi wa kwanza hufanywa bila kukanyaga eneo. Unazungumza na wazee, wafugaji, wanawake wanaookota kuni, wawindaji, na askari wa zamani wa pande zote kama wanapatikana. Nani alikaa hapa, mwaka gani, alikuwa anajikinga dhidi ya nani? Ng'ombe aliyelipuka alikuwa wapi hasa? Watu wanalima hadi mpaka gani, na kwa nini wanaishia pale?

Majibu haya yana thamani kuliko saa za injini. IMAS 07.11, sehemu inayohusu kurejesha ardhi, inakubali njia tatu: eneo linaweza kufutwa kwenye orodha kwa ushahidi kwamba halina mabomu, linaweza kupunguzwa baada ya uchunguzi wa kuingia na vifaa, au linaweza kusafishwa lote. Mashine inang'aa zaidi katika njia ya pili. Una hekta kumi za mashaka na hujui mstari wa mabomu uko wapi. Unapitisha mashine njia chache za kukata eneo, inalipua bomu la kwanza, la pili, na ghafla unaona mstari umeelekea wapi. Sasa wateguaji wako wanaenda pale penye mabomu, na sehemu kubwa iliyobaki inarudi kwa wenyewe kwa uchunguzi mwepesi.

Kuna mahali ambapo jibu sahihi ni kutoleta mashine kabisa. Congo, maeneo mengi yaliyobaki ni madogo na yametawanyika, mengine msituni ambako barabara ni jina tu. Gharama ya kusafirisha mashine hadi eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira inazidi kazi yenyewe. Kwenye mteremko mkali, penye mawe makubwa, makaburini, au penye mabomu ya mizinga na maroketi ambayo hayakulipuka, waache wateguaji wafanye kwa mikono. Kombora la mzinga lina chuma kinene na vilipuzi vingi. Nyundo haina biashara nalo.

Hatua ya 2: Linganisha bomu na mashine

Andika orodha ya mabomu yanayotarajiwa, kisha uliza swali moja kwa kila jina: likilipuka chini ya kifaa cha mbele, nini kinaharibika, na likikosa kulipuka, linabaki katika hali gani?

PMN, bomu la kuua watu linalolipuka likikanyagwa, lina takriban gramu 240 za kilipuzi cha TNT. Mashine ya kati hulivumilia bila shida, nyundo moja au mbili zinapotea. POMZ husimama kwenye kijiti na kuvutwa kwa waya. Minyororo huikata waya au kulipasua bomu mbele, vipande vinagonga bamba la chuma. Kwa bomu la aina hii mashine ni rehema, kwa sababu waya ndani ya majani marefu ndio unaoua wateguaji. OZM-72 huruka hewani na kupasuka usawa wa kiuno, na huua hata aliye umbali wa mita 25. Uwezekano wa kulikuta ukiwepo, hakuna mtu anayesimama wazi, hata kama anajiona yuko mbali.

TM-57, bomu la kulipua magari, ni habari nyingine. Ina zaidi ya kilo 6 za kilipuzi. Barabara za Sudan Kusini zimekuwa na mabomu ya kundi hili, na mashine nyepesi ikilipanda inaweza kugeuka chuma chakavu. Unapolitarajia, tumia mashine iliyopimwa dhidi yake, au tafuta kwanza kwa kifaa cha kugundua chuma, kwani mwili wa TM-57 ni wa chuma na hupiga kelele vizuri kwenye kifaa.

Hatua ya 3: Pata kibali, na upime mashine kwenye udongo wa pale pale

Mashine inahitaji kibali cha mamlaka ya taifa ya shughuli za mabomu, Sudan Kusini ni NMAA, na maelekezo yake ya kazi yafuate IMAS 09.50 inayohusu mashine. Masafa ya redio ya rimoti yaandikishwe pia. Karibu na kiwanja cha ndege, kambi ya walinda amani au mnara wa simu, pima mawasiliano kabla ya siku ya kazi.

Jaribio la kina ndilo ninalotaka ulitilie maanani. Karatasi ya kiwandani inaweza kusema mashine inafika sentimita 25. Inafika, kwenye udongo wa kiwandani. Udongo wako ni mwingine.

Fanya hivi. Tafuta mahali salama palipothibitishwa, penye udongo sawa na wa eneo la kazi. Chimba mifereji myembamba inayokata njia ya mashine, kila baada ya mita kadhaa, kisha simamisha ndani yake mbao nyembamba za nyuzi, zile zinazotumika kutengeneza migongo ya makabati, makali yake ya juu yakiwa sawa na uso wa ardhi. Rudishia udongo na ushindilie vizuri. Subiri udongo utulie, ikiwezekana upate maji kidogo. Pitisha mashine kwa mwendo na mpangilio utakaotumia kazini. Chomoa mbao uzipange ukutani.

Mbao hazidanganyi. Utaona mstari ambao nyundo zilikata: hapa sentimita 18, pale 15, na katikati ya nyundo mbili kuna kilima kilichobaki, ambapo kina ni sentimita 9 tu. Kilima hicho ndicho jibu lako. Kina cha mashine ni kile kidogo kuliko vyote kwenye mbao. Wastani hauna kazi hapa. Kama mamlaka imetaka sentimita 13, na mbao inaonyesha vilima vyenye kina cha 9 tu, punguza mwendo, au piga mara mbili kwa pande zinazokatana, kisha weka mbao mpya upime tena. Piga picha za mbao zote na uzihifadhi kwenye jalada la eneo. Rudia jaribio msimu ukibadilika, udongo ukibadilika, na nyundo zikiwa zimechakaa nusu.

Hatua ya 4: Panga eneo

Chora ramani kwa mkono kwanza, uitembelee kwa miguu pale panaporuhusiwa, ndipo uihamishie kwenye kompyuta. Iwe na mpaka wa hatari uliowekwa vigingi vyekundu na vyeupe, mahali pa kuanzia, sehemu za mashine kugeukia ambazo zimeshasafishwa kwa mikono, kituo cha opereta, kituo cha mhudumu wa afya na ambulensi, mahali pa mafuta, na uwanja wa ukaguzi ambapo mashine itasimama baada ya kutoka. Uwanja huu uwe mbali na mafuta na mbali na watu. Sababu yake utaiona chini.

Sehemu za kugeukia hazina mjadala. Mashine ikigeuka ndani ya eneo ambalo halijapitiwa, cheni zake za katapila zinakanyaga ardhi ambayo kifaa cha mbele hakijaigusa, na mlipuko unatokea tumboni mahali ambapo bamba ni jembamba.

Opereta akae ndani ya gari la kivita au nyuma ya kinga iliyopimwa, kwa umbali uliowekwa na mamlaka, na upepo utokee mgongoni kwake. Kiangazi vumbi la minyororo linafunika kila kitu. Akiwa upande ambao vumbi linaelekea, anaendesha kwa kukisia, hata kama ana kamera.

Hatua ya 5: Zungumza na kijiji

Ningeweza kuiweka hatua hii mwanzo au mwisho, maana inafanyika kila siku. Naiweka hapa kwa sababu lazima ikamilike kabla injini haijawashwa.

Kaa na wazee na viongozi wa wanawake na wa vijana. Waeleze kwa lugha yao, kwa mkalimani kama ni lazima, mambo matatu: mlipuko utasikika na ni wa kawaida, ardhi iliyopinduliwa bado ina hatari, na siku ya kuingia itatangazwa mbele yao, wakishuhudia. Waoneshe picha ya eneo lililopitiwa na mashine na picha ya eneo lililokabidhiwa. Zinafanana sana, na ndiyo maana zioneshwe pamoja. Waambie alama ipi inatofautisha.

Watakaoingia kwanza ni wanaotafuta kuni, kwa kuwa mashine inaacha vijiti vikavu vingi, na watoto wanaookota vyuma vya kuuza. Kama kikosi hakina mlinzi wa kukaa jioni na siku za mapumziko, kazi ya mashine isianze. Na waulize wenyewe kuhusu miti. Mwembe au mti wa shea wa miaka hamsini ni mali ya familia. Mashine inaupiga kwa dakika moja. Uzungushie alama, waachie wateguaji wasafishe chini yake kwa mikono.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa asubuhi

Fundi na opereta wakague pamoja, kwa karatasi. Oili ya injini na ya haidroliki, paipu zinazovuja, rejeta na eya klina (vumbi huiziba haraka kuliko ratiba ya kiwandani inavyodhani), grisi, mkazo wa cheni, idadi na urefu wa nyundo. Nyundo iliyopotea inaacha ukanda ambao haujapigwa kwa urefu wa njia nzima, na juu hauoni chochote. Betri ya rimoti na ya akiba zijazwe.

Kisha jaribu vitu viwili kila siku bila kuruka: kitufe cha kuzima cha dharura, na kuzima rimoti ghafla mashine ikitembea mahali salama. Lazima isimame yenyewe. Ikisita hata kidogo, haiingii kazini.

Fanya pia zoezi la kumhamisha majeruhi kwa ratiba, pamoja na kupima dakika hadi hospitali kwa barabara ya siku hiyo. Helikopta iliyoahidiwa kwa maneno isihesabiwe.

Hatua ya 7: Kuendesha

Anza pembeni kwenye ardhi iliyothibitishwa, shusha kifaa cha mbele, kifikishe mzunguko kamili kabla hakijagusa ardhi ya hatari. Nenda polepole na kwa mwendo mmoja. Kishawishi kikubwa cha opereta mpya ni kuongeza kasi majani yakiwa machache. Lakini minyororo inahesabu mapigo: ukienda haraka, umbali kati ya pigo na pigo unaongezeka, na vile vilima ulivyoviona kwenye mbao vinarefuka.

Kila njia ilalie juu ya iliyotangulia kwa upana uliokubaliwa, tuseme sentimita 30. Hapa hesabu husaidia kuondoa ndoto. Mashine yenye upana wa mita 1.7, ikipishana kwa 0.3, inaongeza mita 1.4 kila njia. Ikienda nusu kilomita kwa saa, ni mita za mraba 700 kwa saa moja. Ukitoa kugeuka, kupoza injini, mafuta na kukagua, ukabaki na saa nne za kweli, umepata 2,800 kwa siku. Mteguaji mmoja mwenye kifaa cha kugundua chuma hufanya makumi ya mita za mraba. Tofauti ni kubwa, lakini kumbuka kwamba zile 2,800 bado zinasubiri mteguaji. Alichookolewa nacho ni majani, waya na udongo mgumu, vitu vinavyokula muda wake mwingi.

Minyororo hurusha vitu. Mwelekeo wa mzunguko huamua kama bomu lisilopasuka litarushwa mbele kwenye eneo la hatari au litapitishwa nyuma kwenye eneo lililosafishwa. Panga njia zako ili upande ulio wazi uwe ule ambao bado haujakabidhiwa, na uweke ukanda wa tahadhari pembezoni utakaotafutwa upya.

Udongo ndio bosi. Mchanga mlaini hushuka chini ya pigo na bomu linazama nao. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuwa gundi masika, ukiwa mkavu sana ni kama saruji, ukiwa na unyevu unaganda kwenye ngoma hadi meno yasionekane. Kuna wiki chache baada ya mvua kukatika ambapo unafanyika vizuri. Mpango mzima wa mwaka ujengwe kuzunguka wiki hizo. Vipuri viwe vimefika kabla, maana mzigo wa kutoka Ulaya kupitia forodha unaweza kuula msimu wenyewe.

Hatua ya 8: Bomu likipasuka

Opereta anasimamisha mashine. Anatangaza kwenye redio, kila mtu anabaki alipo. Msimamizi anaandika saa, mahali na ukubwa wa sauti. Wanaangalia kwa kamera au darubini: kifaa cha mbele kinazunguka? Kuna moshi, kuna mafuta yanayotiririka? Kama vyote vizima, kazi inaendelea hadi mwisho wa njia, isipokuwa maelekezo yenu yanasema vinginevyo. Kama kuna shaka, mashine inarudi kinyumenyume kwenye alama zake hadi uwanja wa ukaguzi.

Na sasa sababu ya uwanja huo. Mashine inayotoka eneo la mabomu ni kitu kilichochafuliwa. Kipande cha kilipuzi, kiwashio, hata bomu dogo zima linaweza kuwa limenasa kati ya minyororo, ndani ya bamba la ngoma au kwenye udongo ulioganda. Hakuna fundi anayeisogelea na spana kabla mtaalamu wa kuharibu mabomu hajaizunguka taratibu, akiwa na koti la kinga na kioo cha uso, akaangalia kila pembe. Kugongagonga udongo ulioganda kwa nyundo ya mkono ni marufuku. Hili lisimamiwe hata saa kumi na moja jioni watu wakiwa wamechoka na gari la kurudi kambini limewashwa.

Hatua ya 9: Mashine ikifia ndani

Itatokea, kwa hiyo mpango uwepo kabla. Fungeni kamba ya chuma nyuma ya mashine tangu asubuhi, ncha yake ikiwa mahali ambapo mtu atafika bila kupita ubavuni. Ikikwama, msikimbilie kutembea kwenye alama za cheni zake kwa kudhani zimeshakanyagwa. Mteguaji anafungua njia kwa kifaa cha kugundua chuma na kijiti cha kudungia udongo, kutoka nyuma, upana kamili, kwa utaratibu ule ule wa siku zote, hadi kwenye ncha ya kamba. Winchi au mashine ya pili inavuta kutoka ardhi salama, watu wote wakiwa mbali na kamba, kwa kuwa kamba ya chuma ikikatika inakata mtu.

Iwapo tatizo ni dogo na fundi analazimika kufika kwenye mashine, eneo lote litakalozungukwa naye lisafishwe kwanza. Saa tatu za kusubiri si hasara.

Hatua ya 10: Wanaofuata nyuma

Wateguaji wanaingia na vifaa vya kugundua chuma. Waambieni mapema kwamba watasikia kelele nyingi: vipande vya nyundo, risasi, makopo. Sumaku ya kuburuta husaidia kupunguza. Wanachotafuta sasa kimebadilika sura. Badala ya bomu zima kuna nusu, kuna kiwashio peke yake ukubwa wa kalamu, na hicho kinatosha kukata vidole. Kila kipande cha aina hiyo kinaharibiwa pale pale na mwenye sifa hiyo.

Mbwa na panya wa kunusa nao wana nafasi. Panya wakubwa wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wananusa TNT na ni wepesi mno kulipua bomu. Wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Kwao mashine inayofyeka majani bila kugusa udongo ni msaada mkubwa. Lakini minyororo ikishasaga mabomu, harufu imetapakaa kila mahali na mnyama ataonesha eneo zima. Basi amueni mapema: mkitaka kumtumia mnyama, mashine ifyeke tu; mkitaka kuchimba, mpeni mnyama muda mrefu baada ya hapo, au msimpe kabisa kazi hiyo.

Idadi ya mabomu mazima yanayopatikana nyuma ya mashine ni kipimo chake. Kama wateguaji wanakuta mengi, simamisheni, rudini kwenye mbao za majaribio, tafuteni sababu. Kama hawakuti kitu na wala mashine haikulipua chochote, huenda uchunguzi wa hatua ya 1 ulikosea mahali, na hapo ni heri kurudi kwa wazee kuliko kuendelea kuunguza dizeli.

Hatua ya 11: Kumbukumbu na makabidhiano

Kila siku iandikwe: njia zilizopitiwa kwa alama za GPS, kina kilichopimwa, mwendo, hali ya udongo, milipuko, nyundo zilizobadilishwa, sehemu ambazo mashine iliruka na sababu. Hizi za mwisho ndizo muhimu kuliko zote. Kichuguu kilichozungukwa, shina la mti, mtaro, kila kimoja kipate umbo lake kwenye ramani na jina la mteguaji aliyepasafisha kwa mikono. Taarifa ziingie kwenye IMSMA, mfumo wa kumbukumbu uliotengenezwa na kituo cha GICHD cha Geneva, ili miaka ishirini baadaye mtu akitaka kuchimba kisima ajue mlifika sentimita ngapi.

Wakaguzi wa nje wachukue sampuli. Wakikuta bomu moja, eneo halipiti.

Kabla ya makabidhiano sawazisheni matuta na mashimo ya cheni, ondoeni udongo uliomwagikiwa mafuta, fukieni mashimo ya milipuko. Udongo wa juu umechanganyika na wa chini, hivyo mwambieni mwenye shamba kwamba mavuno ya kwanza yanaweza kuwa hafifu. Kisha siku ikifika, kusanyeni kijiji, tembeeni wote wa kikosi katikati ya shamba mbele yao, msimamizi akiwa wa kwanza na wateguaji wakimfuata kwa mstari mpana. Ng'oeni vigingi vyekundu wakiona. Ramani yenye kina na mipaka abaki nayo chifu, nakala nyingine iende kwa mwenye ardhi, na namba ya simu ya mamlaka iandikwe juu yake kwa wino usiofutika, kwa ajili ya siku jembe litakapogonga kitu.